SOMO LA WAFANYAKAZI: KUKU AKITESEKA NJIANI, NANI ALIPE?



Somo letu la leo linahusu kuku. Huenda mwenzetu wa shamba la miwa au wa kiwanda cha nguo akauliza: "Kuku wananihusu nini mimi?" Wanamhusu. Leo wenzetu wengi wa Kampala, Wakiso na Mukono wanapata riziki yao kwa kuku. Wapo wanaokamata kuku mabandani usiku, wapo wapakiaji, madereva na utingo, wapo wanaochinja, kunyonyoa na kupasua. Na kila mfanyakazi anayelipwa kwa kilo au kwa idadi, awe mchuma chai au mkata miwa, anajua jambo moja: mzigo ukipungua au ukiharibika, kalamu ya makato humtafuta yeye kwanza.

Kwa hiyo katika somo hili tutajifunza mambo mawili pamoja. Kwanza, jinsi kuku anavyoteseka tangu anapokamatwa bandani mpaka anapochinjwa, na jinsi mateso hayo yanavyoharibu nyama. Pili, jinsi ya kujua mateso hayo yametoka wapi, ili mfanyakazi asilipe deni lisilo lake.

1. MFANO WA LORI MOJA

Tuchukue mfano. Si habari ya kiwanda fulani, ni mfano wa kujifunzia tu.

Lori limepakia kuku wa nyama 1,000, kila mmoja kilo 2. Chakula chao kiliondolewa saa kumi na mbili jioni. Watu wanane walianza kukamata saa saba usiku. Lori liliondoka saa kumi na moja alfajiri, likanaswa katika msongamano wa magari Kireka, likafika machinjioni saa mbili asubuhi. Lakini hapo lilikuta malori mawili mbele yake. Likasimama juani. Kuku wakaanza kushushwa saa sita mchana.

Walipohesabiwa, 25 walikuwa wamekufa na 80 walikuwa na damu iliyovilia mwilini. Msimamizi akaandika katika karatasi yake maneno matatu: "Uzembe wa wapakiaji." Hasara ikagawanywa kwa watu wanane.

Je, ni haki? Tusijibu haraka. Tuanze kwa kumjua kuku mwenyewe.

2. MWILI WA KUKU

Joto la mwili wa kuku ni digrii 41 hadi 42, kubwa kuliko letu sisi la digrii 37. Kuku hatoi jasho. Akisikia joto hufungua mdomo na kuhema upesi upesi, na unyevu unaotoka kooni ndio unaompoza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, au ikiwa haitembei, kuhema hakumsaidii tena. Joto lake hupanda, na likizidi kiasi cha digrii nne au tano hufa.

Kila kuku wa kilo 2 hutoa joto la wati 10 hivi, hata akiwa ametulia. Kuku 1,000 basi ni wati 10,000, sawasawa na majiko kadhaa ya umeme yaliyowashwa pamoja ndani ya lori moja. Lori likitembea, upepo huchukua joto hilo. Lori likisimama, joto hubaki, na kuku wa katikati ndio wanaoumia zaidi. Ndiyo sababu msongamano wa magari wa Kampala ni hatari kwa kuku kuliko barabara ndefu ya wazi.

Jambo la pili ni pumzi. Sisi tuna ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo. Kuku hana. Anaponing'inizwa kichwa chini, matumbo yake huangukia mifuko ya hewa na kuibana. Mtu akiona kuku amenyamaza akiwa amening'inia hudhani ametulia. Mara nyingi hakutulia, bali ameshindwa.

Jambo la tatu ni hofu. Kuku ni windo la mwewe na kicheche, na kushikwa, kwake yeye, ni kukamatwa na adui. Tezi zilizo karibu na figo humwaga homoni katika damu, moyo hupiga mbio, misuli huchoma akiba yake ya sukari. Hofu fupi hupita. Hofu ya saa nyingi, pamoja na njaa, kiu na joto, humaliza mwili.

3. TOKA BANDANI MPAKA KISUNI

Tufuate safari hatua kwa hatua, tuone ni nani anayeamua nini.

(a) Chakula. Kuku huondolewa chakula kabla ya safari ili utumbo uwe mtupu na kinyesi kisichafue nyama. Muda unaofaa ni saa 8 hadi 12 kutoka kuondoa chakula mpaka kuchinja, na maji yaachwe mpaka wakati wa kukamata. Ukizidi hapo, kuku anapungua uzito, utumbo unakuwa laini na kupasuka ovyo mikononi mwa mpasuaji, na nyongo inamwagika. Katika mfano wetu, toka saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita mchana ni saa 18. Nani aliamua saa hizo? Si mpakiaji.

(b) Kukamata. Kuku hukamatwa vizuri usiku au katika mwanga hafifu. Taa ya buluu inafaa, kwa sababu kuku haoni vizuri katika rangi hiyo, lakini mtu anaona. Namna bora ni kumshika kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini. Ikiwa lazima abebwe kwa miguu, ashikwe miguu yote miwili, wala mkono mmoja usibebe zaidi ya kuku wawili au watatu. Anayebebwa kwa mguu mmoja huteguka nyonga, damu ikamwagika ndani ya paja. Kuku wa nyama ana wiki sita tu au chini yake, na mifupa yake bado michanga. Naye kuku wa mayai aliyemaliza kutaga ana mifupa dhaifu zaidi, maana madini ya mifupa yake yamekwenda katika maganda ya mayai. Huyo huvunjika kama kijiti kikavu.

(c) Matenga na kreti. Hapa tufanye hesabu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1/2005 inataka kuku wa kilo 1.6 hadi chini ya kilo 3 apate sentimita 160 za mraba kwa kila kilo ya uzito wake. Kuku wa kilo 2 anahitaji basi sentimita 320 za mraba. Kreti yenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 50 ina sentimita 4,500 za mraba. Gawanya kwa 320: unapata kuku 14. Siku ya joto wapungue, wawe 12 au chini yake. Wote waweze kukaa chini kwa wakati mmoja bila kulaliana. Kreti iliyovunjika hunasa kichwa, bawa na kidole. Nani hununua kreti na nani huamua idadi? Si mpakiaji.

(d) Njiani na kungoja. Safari bora ni ya usiku au ya alfajiri. Kati ya safu za kreti iachwe nafasi ya hewa. Turubai lifunike juu kuzuia jua na mvua, lisizibe pande zote. Likifika machinjioni, lori lisingoje juani. Liwekwe kivulini, penye upepo au mapanga ya umeme. Kuwamwagia maji kuku waliobanana mahali pasipo na upepo hakufai, kwani huongeza unyevu na kuwazuia kujipoza.

(e) Kuning'iniza. Penye mnyororo wa kuning'iniza kuku hai, wengi hupiga mabawa na kuvunjika hapo hapo. Mwanga uwe hafifu, kifua kiegemee kitu, na muda uwe mfupi. Ulaya kanuni inasema usizidi dakika moja kwa kuku. Machinjio madogo yanaweza kutumia koni ya bati: kuku anatiwa kichwa chini, mabawa yanabanwa, hatapatapi. Kisu kiwe kikali. Mchinjaji yeyote, na hasa anayechinja kwa taratibu ya Kiislamu, anataka kuku afike mikononi mwake akiwa hai na mzima. Aliyekufa njiani ni mzoga, haliwi.

4. NYAMA HUTOA USHAHIDI

Hapa ndipo penye faida kubwa ya somo letu. Damu iliyovilia hubadilika rangi kadiri ya muda, na rangi hizo zinajulikana:

Dakika chache baada ya kuumia: nyekundu.
Saa 12 hivi: nyekundu iliyoiva inayoelekea zambarau.
Saa 24 hadi 36: kijani na zambarau, na manjano inaanza.
Siku 2: manjano na kijani.
Siku 3 hadi 4: manjano inayofifia.
Siku 5: haionekani tena.

Saa hizi ni za kukadiria, lakini zinatosha kutenganisha jeraha jipya na la zamani. Kijani na manjano maana yake kuku aliumia bandani siku moja au zaidi kabla mkamataji hajaingia: labda nafasi ilikuwa ndogo, labda walikanyagana, labda vyombo vya chakula vina ncha kali. Nyekundu maana yake aliumia wakati wa kukamata, kupakia, kushusha au kuning'inizwa. Wala kuku aliyekwisha kufa havilii damu hivyo, maana moyo hausukumi tena.

Nyama yenyewe husema pia. Kuku aliyepata joto kali na kupapatika muda mfupi kabla ya kisu, misuli yake hutoa asidi upesi ingali moto. Kidari huwa cheupe, laini, kinatoa maji. Kuku aliyechoka kwa saa nyingi mpaka akiba yake ya sukari ikaisha, asidi haitoshi. Nyama huwa nyeusi, ngumu, kavu, na huoza mapema. Tena, kuku aliyeteseka hutoa vijidudu vingi zaidi katika kinyesi, vikiwamo vya salmonela na kampilobakta, ambavyo humharisha mlaji, na kwanza kabisa humpata mfanyakazi anayeshika matumbo.

Turudi kwenye lori letu. Tuseme wapasuaji waliangalia wale 80. Wakakuta 45 wana rangi ya kijani na manjano, na 35 wana nyekundu. Basi 45 si wa wapakiaji kabisa. Wale 35 inabidi wachunguzwe zaidi, maana huenda wameumia bandani, au penye kreti zilizovunjika, au kwenye mnyororo. Na wale 25 waliokufa? Tuulize: lori lilipofika saa mbili, wangapi walikuwa hai? Hakuna aliyehesabu. Saa nne za jua zimefichwa ndani ya maneno matatu ya msimamizi.

5. MATESO YA KUKU NA MATESO YA MTU

Sasa tufanye hesabu nyingine. Kuku 1,000 wa kilo 2 ni kilo 2,000. Watu wanane, kila mmoja amebeba kilo 250, amejikunja chini na kuinuka tena na tena. Wakipakia malori manne usiku mmoja, kila mmoja amebeba tani moja. Anafanya hivyo katika vumbi la manyoya na harufu kali ya amonia, mikono inaparuzwa, mgongo unauma. Saa ya kwanza anashika kuku wawili kwa upole. Saa ya nne, akiwa analipwa kwa idadi na dereva anapiga honi, anashika watano kwa mguu mmoja mmoja.

Tuseme ukweli: mtu huyo anamuumiza kuku. Chama hakiwezi kumtetea mwenzetu anayerusha kuku kama mpira au kutupa kreti toka juu ya lori. Huo ni ukatili, nao unatuharibia jina na kazi. Lakini chama kina wajibu wa kuuliza: nani aliyeweka watu wanane mahali pa kumi na wawili? Nani aliyepanga malipo kwa idadi ili watu wakimbie? Haraka haraka haina baraka, na hapa haraka imetoka ofisini, haikutoka mikononi.

Tuwakumbuke pia wenzetu wasio na mwajiri. Kuku wa kienyeji hutoka Teso, Busoga na kaskazini kuja masoko ya Kampala, kama Kalerwe, Nakasero na Owino. Toka Soroti ni karibu kilomita 300. Wengine huja wamefungwa miguu juu ya mabasi, wengine humaliza safari wakining'inia kwenye usukani wa boda boda. Mchuuzi anayefika na kuku watatu waliokufa katika ishirini amepoteza faida ya siku. Tenga la fito lenye nafasi, maji kabla ya safari, kivuli sokoni: mambo haya hayahitaji mtaji mkubwa.

Na kuna maradhi. Januari 2017 serikali ya Uganda ilitangaza kuwa mafua ya ndege yameingia nchini; ndege wa porini walikuwa wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kuku na mabata wakapatikana nayo katika Masaka. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Siku kama hizo, anayeshika kuku kwa mikono mitupu ndiye aliye mstari wa mbele.

6. SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama imekuwapo Uganda tangu mwaka 1957. Inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo limeweka kanuni za usafirishaji wa barabara na za uchinjaji tangu mwaka 2005, na Uganda ni mwanachama wake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Glavu, buti na kitambaa cha pua si zawadi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahusu anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka mipaka. Na Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ambao Uganda imeuridhia, unasema mshahara ukatwe kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Karatasi ya msimamizi si mojawapo ya hayo matatu. Mwenzetu aliyekatwa asitie sahihi jambo asilolielewa. Amwite mwakilishi wake wasome pamoja.

7. TUFANYE NINI

Jambo la kwanza ni kuwa na daftari la safari. Daftari la shule linatosha. Kila lori liandikwe:

saa chakula kilipoondolewa;
saa kukamata kulipoanza na kuisha, na idadi ya watu;
idadi ya kuku katika kila kreti, na kreti zilizovunjika;
saa ya kuondoka, saa ya kufika, saa ya kushusha;
waliokufa lori lilipofika, na waliokufa wakati wa kungoja;
waliovilia damu, na rangi yake.

Dereva atie sahihi, mpokeaji atie sahihi, mwakilishi abaki na nakala. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litaonyesha hasara inatoka wapi. Mwajiri mwenye akili atalipenda, maana kuku aliyekufa ni hasara yake pia. Asiyelipenda, tumuulize anaogopa nini.

Jambo la pili, tupeleke madai haya katika mazungumzo ya mapatano: idadi ya wakamataji ilingane na idadi ya kuku, malipo ya usiku yasitegemee mbio, malori yapangiwe saa ili yasipangane juani, kreti mbovu ziondolewe, wafanyakazi wafundishwe kushika kuku katika saa za kazi, kwa malipo, na makato ya kundi zima yakomeshwe.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wenyewe. Tumshike kuku kama kiumbe mwenye uhai mpaka dakika yake ya mwisho. Hii ni heshima kwake, na ni heshima ya kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mahali penu pa kazi, kuku hukaa saa ngapi bila chakula mpaka kuchinjwa? Nani anayeamua?
2. Pimeni kreti moja. Inafaa kuku wangapi wa kilo 2? Hutiwa wangapi?
3. Katika mfano wetu, wale watu wanane walipe nini, au wasilipe kitu? Toeni sababu.
4. Kwa wasiofanya kazi ya kuku: katika shamba au kiwanda chenu, ni hasara gani ambayo hutozwa mfanyakazi bila uchunguzi? Daftari lenu lingeandikwa mambo gani?

Majibu ya swali la nne mtuletee kupitia kwa wawakilishi wenu. Tutayatumia katika somo lijalo.